Mbuzi Imehamia kwa Jirani

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zako zimefika hapa kijijini Ole na sote wazima. Mama yako mdogo kajifungua binti mwenye sauti kuliko jogoo.

Umeniuliza uandae nini kabla ya kupasuliwa mgongo. Mimi sikupasuliwa, nilianguka mkarafuuni kabla mama yako hajazaliwa, tabibu akanikataza kuinama miezi mitatu. Babu yako akainua kitanda kwa mawe, akaweka mtungi juu ya meza. Mbuzi ya kukunia nazi tukaisahau jikoni.

Wiki ya tatu wifi yangu akaja kupika. "Lala, wifi, nitakuna mimi," alisema. Nikaona haya: wifi akune nazi nyumbani kwangu, nami nipo? Nikaikalia mbuzi. Kuinuka, nikanyanyuliwa na watu wawili, na miezi ikaanza upya.

Siku hiyo hiyo nikasema, "Mbuzi hii ipelekwe kwa jirani!" Niliifuata mwenyewe nilipopona.

Basi weka maji na simu karibu, uinue kitanda. Lakini kwanza toa nyumbani kile kitakachokutia haya ya kulala.

Ukipona njoo. Mbuzi yangu nimeshaipeleka tena kwa jirani, safari hii kwa ajili yako. Utaifuata kwa miguu yako.

Bibi yako,
Asha