Sufu Iliyogoma Kushikana

Kochkor, mwanzo wa kiangazi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na wote wa nyumbani huko At-Bashi. Natumaini goti lako limetulia tangu theluji iyeyuke, na kwamba yule farasi jike mwenye baka usoni amezaa salama. Sisi huku ni wazima. Watoto wanakula, wanakua, wanagombana. Mdogo ameanza kutembea huku amefunga mikono mgongoni, kama alivyotembea baba yake Kanybek, nami nikimwona hivyo hugeuka kwanza nikatazama ukuta.

Uliniuliza habari za kazi, nikakawia kujibu kwa sababu sikuwa na la heri la kusema. Sasa ninalo, ila lina mambo yake. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Karakana ya mazulia ya Bi Damira unaijua. Ulipiga magoti nasi pale msimu ule ulipomwagia sufu chai ya maziwa ukidhani ni birika la maji ya moto, na Kanybek akasema zulia hilo litauzwa pamoja na maandazi. Basi niliporudi baada ya mazishi ya mwanao kulisimamia kundi langu, sufu iligoma. Tuliitandaza juu ya mkeka wa matete kama siku zote, tukaimwagia maji, tukaiviringisha, tukapiga magoti safu moja na kuikandamiza kwa mikono hadi viwiko vikachubuka. Ikatoka legelege, inanyofoka kama mkate uliolowa. Wanunuzi wa Bishkek wakarudisha zulia la kwanza, kisha la pili.

Bi Damira akaniita kando. Alisema ananionea huruma na hana ugomvi nami, lakini likirudi jingine atalivunja kundi, na lile zulia kubwa la harusi tuliloagizwa atawapa wanawake wa ng'ambo ya mto. Nilitoka pale nikiwafikiria wanawake wangu mmoja mmoja. Burulcha analea wajukuu peke yake. Aizat ameolewa juzi tu, mumewe kaenda Urusi na hajaleta habari. Wengine nao unawajua. Hakuna karakana nyingine hapa itakayowapokea.

Nikawa mkali, Mama, mimi ambaye hata mbwa wa jirani siwezi kumfukuza. Nilibadilisha sufu, nikataka ya kondoo walionyolewa vuli. Nikaagiza maji yachemke zaidi. Aliyechelewa nilimsema mbele ya wenzake. Nikawahamisha mahali pao, wenye nguvu katikati na wachovu pembeni. Nao walinitii kwa kila jambo, bila neno, macho chini. Sikuwahi kuona kundi tiifu kama lile, wala sufu mbaya kama ile.

Siku moja tukiwa katikati ya kazi, niliwaacha nikaenda kwa wachunga kondoo kuchagua sufu nyingine. Njiani nikakuta daraja limezolewa na maji, nikarudi mapema. Nilipofika mlangoni nikasikia mikono ikianguka juu ya sufu kwa pamoja, du, du, du, kama zamani. Juu ya mlio huo Burulcha alikuwa akimchokoza Aizat, kwamba anaikandamiza sufu kama anayemwamsha mume mwenye hasira, na Aizat akamjibu kuwa yeye Burulcha mume wake alizoea kuamshwa kwa teke. Wote wakacheka, na mikono haikukosa pigo hata moja.

Nikafungua mlango. Kicheko kikakatika. Aizat akaziba mdomo kwa kiganja chenye sabuni. Mikono ikaendelea, lakini sasa kila mmoja na wakati wake, huyu anapanda, yule anashuka.

Jioni tulipolikunjua lile zulia nililivuta huku na huku. Upande mmoja ulishikana hata kucha haikupenya. Upande wa pili ulinyofoka. Sufu ile ile, maji yale yale, wanawake wale wale.

Nilimbakiza Burulcha nikamuuliza kwa nini hawacheki ninapokuwepo. Alifuta viwiko vyake, kisha akasema:

“Tucheke mbele ya nguo zako nyeusi, Saikal? Sisi ni watu au ni mbuzi?”

Ndipo nikafahamu. Miezi yote ile walikuwa wakinistahi. Walininyamazia kwa upendo, na upendo huo ndio uliokuwa ukiwatoa kazini. Hakuna aliyekuwa na kosa la kukemewa. Mikono hukosa pa kufuata mahali pasipo na sauti, nami ndiye niliyekuwa nikiingia na ukimya kila asubuhi.

Kesho yake tulipopiga magoti, hakuna aliyesema. Nikajikaza nikatamka yale maneno ya Kanybek, aliyokuwa akiyasema kila akituletea birika:

“Haya, mabibi harusi, mnaviringisha sufu au mnabembeleza mtoto?”

Mikono yote ikasimama. Aizat akaanza kulia. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Kisha Burulcha, bila kuinua kichwa, akajibu kama alivyokuwa akimjibu yeye:

“Lete maji, mwanamume, acha maneno. Ndevu zako zimelowa kuliko sufu.”

Tulicheka, Mama, tukalia, na mikono ikaanguka kwa pamoja. Bi Damira alikuja akalikanyaga zulia lile, akalivuta, akauma hata ncha yake kwa meno. Siku iliyofuata aliniletea sufu ya zulia la harusi.

Sasa lile nililoliruka. Maneno yale sikuyasema nikiwa nimevaa kilemba cheusi. Nilijua wasingethubutu kunijibu. Nilikivua mbele yao, nikakitundika kwenye msumari wa aproni ya Kanybek, nikafunga kile cha maua alichoninunulia mjini Karakol. Tangu siku hiyo hukivua mlangoni na kukivaa tena nikitoka. Mwaka wa maombolezo haujatimia, na mikono ya kunivua ni yako peke yako. Najua mila. Jirani mmoja ameshaniona, ndiyo maana nataka uyasikie kutoka kwangu. Ukiniambia nisikivue tena, nitakutii, nami nitamwomba Bi Damira ampe Burulcha usimamizi.

Ndani ya bahasha nimeweka kipande nilichokata kwenye zulia la siku ile ya daraja. Kabla hujanihukumu, kivute upande huu, kisha upande ule. Upande ulioshikana, mimi sikuwepo.

Nisalimie shemeji na wanawe, na umwambie farasi wako asimpige teke tena. Watoto wanakubusu mikono. Katika vuli, siku ya karamu ya mwaka wake, nitakuinamishia kichwa univue hiki cheusi na unifunge kilemba cheupe, kama utakuwa bado unataka kunifunga.

Mke wa mwanao,
Saikal