Jina la Shija katika Kitabu cha Bhangi

Kambi ya Mgodi, Geita
Mwezi wa Kumi

Dada yangu, Mama Kabula,

Shikamoo. Nimejiitikia marahaba mimi mwenyewe kwa niaba yako, kwa sababu ukishasikia yaliyomo humu huenda usiitikie. Mimi na mke wangu ni wazima. Nyinyi hapo Ibadakuli mmeamkaje? Mguu wa mama umepoa? Ndama wa yule ng'ombe mweusi ameanza kula majani? Nijibu hayo yote hata kama umenikasirikia. Na wewe Kabula unayemsomea mama yako, soma polepole, usiruke mahali.

Dada, umeuliza mara mbili kwa kinywa cha dereva wa lori la pamba kwa nini mumeo yuko kimya. Shija hajaoa mwanamke mwingine, wala mgodi haukumwangukia. Yuko kifungoni, miezi mitatu, kwa kosa la kuvuta bhangi. Aliyemtia ndani ni mimi. Sikukusudia, lakini ni kalamu yangu iliyofanya hivyo, na nataka uyasikie kwangu tangu mwanzo, maana dereva yule akisimulia ataongeza chumvi.

Yalianza mwezi wa sita. Bwana Mkubwa wa ofisi yetu aliniita akanipa kitabu kipya kilichopigwa mistari. Alisema Serikali kule Dar es Salaam inataka kujua, kwa nchi nzima, bhangi inavutwa kiasi gani. Kila baada ya miezi mitatu ipelekewe hesabu, ione kama desturi hii inazidi au inapungua, ndipo itunge sheria ya maana. Kulikuwa na safu ya jina, ya kazi, ya mara ngapi kwa juma, na ya sababu. Nikamuuliza, "Bwana, nani atakubali kuandikwa?" Akanionyesha dirishani kile kipimo cha mvua kilichosimama uani, ambacho mimi ndiye ninayekisoma kila asubuhi. "Kazi ni ile ile," akasema. "Unasoma, unaandika. Majina ni ya kitabu tu, hayaendi polisi."

Kazi ile ile, eti. Mvua, dada yangu, haijifichi ikikuona na kalamu.

Nikapanda baiskeli nikawaendea wanangwa, wale wakuu wa vijiji. Wa kwanza alinikaribisha kwa maziwa mgando, akasikiliza kila neno langu, kisha akasema, "Karani, mwaka jana mlikuja kuhesabu ng'ombe. Mlipomaliza kuhesabu mkafanya nini?" Nikasema tuliagizwa wapunguzwe. "Basi andika kwangu hakuna mtu." Nikamweleza kwamba safari hii hakuna kupunguza. Akasema hata ng'ombe hawakuambiwa.

Wa pili aliposikia neno hesabu alikumbuka mbegu za pamba, ambazo hugawiwa kwa wingi wa watu. Huyo alinipa kijiji kizima, na mle ndani akamweka katekista na bibi mmoja kipofu ambaye dhambi yake ni kunusa ugoro. Nilipomwambia haiwezekani, alinisogelea akaninong'oneza, "Kama unaona ni wachache, sema, tuongeze."

Wa tatu ndiye aliyetaka kunitia wazimu. Alikuwa na orodha tayari, watu ishirini na watatu, na sababu ya kila mmoja. Nilimshukuru, wabeja sana, nikaondoka nikiimba. Nilikuwa nimeshavuka mto ndipo nikayasoma majina vizuri. Wote walikuwa wacheza ngoma wa upande wa Wagalu. Yeye ni Mgika tangu babu yake, na unajua jinsi pande hizo mbili zinavyotafutana baada ya mavuno. Mwaka huu Wagalu walikuwa wamemshinda uwanjani, watazamaji wote wakahamia kwao, basi akaamua kuwashinda kitabuni.

Majuma matatu juu ya baiskeli, mgongo umekakamaa, na kitabu changu hakikuwa na hata neno moja la kweli.

Hapo ndipo nilipokosea. Kabula, hapa hasa usiruke. Jumapili Shija alikuja kula kwetu, kama ilivyo kawaida yake tangu aje kufanya kazi huku mgodini. Mke wangu alikuwa ametupikia ugali wa mtama na mlenda. Mimi nilikuwa nimechoshwa na waongo. Nikakifungua kitabu pale pale mezani, nikamuuliza kwa mzaha, "Na wewe shemeji, unavuta?"

Akaweka tonge chini, akasema, "Navuta."

Mara mbili kwa juma, akasema, akitoka zamu ya chini ya ardhi, kwa sababu bila hivyo vumbi la mawe halimpi usingizi na magoti yanamwaka moto. Nikamwambia angeweza tu kusema havuti. Akanishangaa. "Kwetu tumefundishwa hivi," akasema. "Mtu aliyeoa kwa ng'ombe wako, humdanganyi."

Nawe unajua ni kweli. Wale ng'ombe kumi na wawili aliowatoa kwa ajili yako ndio nilioolea mimi, na huyo niliyemuoa ndiye aliyekuwa anatupakulia mlenda. Basi nikaandika. Safu zote zikajaa, kwa ule mwandiko wangu ambao mwalimu alikuwa akiusifu. Nakuungamia, dada, niliufurahia mstari ule. Niliona angalau nina kitu kimoja cha kweli cha kuwapelekea watu wa Dar es Salaam.

Mwezi wa nane Bwana Mkubwa alikwenda likizo kwao Ulaya. Akaja mwingine, kijana mwenye haraka, asiyeijua ahadi ya mwenzake. Alikisoma kitabu, akakikabidhi kwa sajini wa polisi. Sajini alianza na katekista, Padre akaja juu. Akawaendea Wagalu, wakamfuata ofisini wote ishirini na watatu pamoja na mashahidi na ngoma zao, kazi zikasimama tangu asubuhi mpaka saa nane. Kila alipogusa, mstari ulifutwa. Ukabaki mmoja tu, uliojaa kila safu, wa mtu asiyekuwa na Padre wala ngoma. Walipekua chumba cha Shija wasione hata jani, kwa hiyo kesi nzima ikasimama juu ya mwandiko wangu.

Niliitwa barazani kutoa ushahidi. Unakumbuka baba alivyonichapa kwa uongo wa yai moja. Tangu siku ile sijasema uongo wa maana, lakini njiani nilikata shauri kuusema huu. Nikawaambia wazee wa baraza kwamba kitabu kizima ni uongo, kwamba niliona uvivu kuzunguka, nikakaa nyumbani nikabuni majina.

"Hata mstari wa mtu huyu?" mwenyekiti akauliza.

"Hata huo, mzee. Niliutunga."

Watu wakaguna. Nilijua nimeshapoteza kazi, na sikujali, maana niliona Shija ameokoka. Nilishaanza hata kuwaza tutakula nini jioni.

Ndipo mumeo akasimama. Hakuna aliyemuuliza kitu. "Wazee wangu," akasema, "shemeji ananionea huruma. Aliniuliza, nikamjibu, akaandika kama nilivyosema. Mimi nikifungwa nitatoka. Yeye akiitwa mwongo mbele za watu hilo halitoki, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemletea."

Nilimkodolea macho akae. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayenifanyia hisani, na kusema kweli ndivyo alivyokuwa anafanya. Mpaka leo sijui nimlilie au nimchape makofi. Wakampa miezi mitatu.

Mimi sikufukuzwa, kwa kuwa hakuna karani mwingine hapa anayezielewa fomu zao. Bwana kijana alinikemea asubuhi nzima, kisha akafurahi, akasema hesabu sasa ni safi. Akaniamuru nijumlishe. Jumla ya wavuta bhangi katika eneo letu lote, vijiji na kambi za migodi, ni mtu mmoja. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anaamini. Akasema kilichothibitishwa ndicho kilichopo. Karatasi imekwenda Dar es Salaam, nao sasa wanapanga sheria ya nchi nzima huku wakimtazama Shija wetu. Siku ile nilipokuwa nikirudi kambini, moshi wa bhangi ulikuwa unatoka karibu kila mlango, na watu wakinisalimia kwa heshima.

Kazi ya kifungo aliyopewa Shija ni kufyeka majani uani kwa ofisi yetu. Kila asubuhi nikienda kusoma kipimo cha mvua namkuta hapo. "Mwangaluka, shemeji," ananisalimia, kisha anauliza kama huko kwenu mvua imeanza, maana atatoka mwisho wa mwaka, pamba ikiwa imeshapandwa na wengine. Kifua kinamsumbua. Mke wangu humpelekea uji. Nimeomba likizo ya mwezi ujao nami nimepewa, nitakuja kulima shamba lako. Nitalima vibaya, unaijua mikono yangu, na wewe unisimange utakavyo, lakini pamba yako itapandwa.

Jambo moja zaidi. Kitabu kama hiki kitafika na huko kwenu Shinyanga. Ule mche ulio nyuma ya zizi, ambao mama huwachemshia ndama wakiumwa tumbo, ung'oe leo. Akija karani akakuuliza kwa upole, hata akiwa mtu mwenye sura ya huruma kama mimi, mwambie hujapata kuuona maishani mwako.

Mpe mama shikamoo yangu, na umweleze habari hii kidogo kidogo. Msalimie mjomba fundi baiskeli, mwambie ile minyororo aliyonipa imekatika yote. Msalimie shangazi mfinyanzi, na mwalimu wa Kabula aliyemfundisha kusoma hadi akaweza kukusomea aibu yangu.

Mwezi wa kumi na mbili nitapeleka hesabu ya pili. Shija hatakuwa amevuta, kwa kuwa yuko ndani, kwa hiyo nitaandika sifuri. Chini yake wanauliza kama desturi inazidi au inapungua. Nitaandika imepungua, Bwana kijana atapongezwa, na dada yangu, kwa kitabu kile, nitakuwa nimeandika kweli tupu.

Ni mimi mdogo wako, niliyeoa kwa ng'ombe wako,

Masanja