Wema wa Kufa na Kuzikana

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua tangu alfajiri. Palizi haijaisha, mgongo wangu ndio umekwisha. Bibi kala vijiko viwili vya uji, akafunga mdomo kama mtoto mchanga. Miguu imevimba tena. Namwita Bibi kwa sababu ya binti yangu Blessing, lakini ni mama mkwe wangu, na miaka kumi na mitatu sasa tunalala chini ya bati moja. Maige mwanawe yuko Isaka anapakia malori. Anapiga simu, anauliza mama amekula? Nasema amekula. Nimuongezee mawazo ya nini?

Blessing kaja na hom-weki ya ajabu. Mwalimu wa Kiswahili kampa kila mtoto neno lake, awaulize watu wazima: zamani neno hili lilikuwa na maana gani, na siku hizi je? Mwenzake kapata "soko". Yeye kapata "wema". Nikasema bahati yako, rahisi hiyo. Andika: wema ni kumtendea mtu vizuri.

— Mtu gani, mama?
— Mtu yeyote.
— Hata Mama Martina?

Nikamwambia kafunge kuku, mvua inawanyeshea.

Jumanne, 4 Machi

Leo wiki ya tatu tangu Mama Martina atengwe. Jirani yangu kabisa, tunatenganishwa na mstari wa minyaa. Ana mimba ya mwezi wa tisa. Mumewe alienda Rwamgasa kuchimba, hajarudi wala simu haiiti. Yeye anaamka usiku kwenda Nyarugusu kuwapikia wachimbaji, anarudi jua likizama. Kwa hiyo misiba mitatu ilimpita. Hapa chama chetu ni cha kufa na kuzikana — msiba ukitokea kila nyumba inatoa mtu, maji, kuni, unga. Ukikupita mmoja unasamehewa. Mitatu! Mkutano ukampiga faini ya mbuzi na debe la mchele. Angesema samahani yangeisha. Lakini ana mdomo yule. Alisimama mbele ya wazee akasema wafu hawana njaa, wanangu wanayo.

Basi. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto, hakuna kumuuzia, bodaboda wasimbebe. Na atakayemsaidia atafuata njia hiyo hiyo. Mtendaji wa kijiji anasema haiko kwenye sheria, halafu anaingia ndani anafunga mlango.

Jioni Blessing kamuuliza Bibi neno lake. Nilidhani hatajibu. Kumbe alikuwa macho. Akasema neno hilo tulilisikia kwa mapadre, mimi nikiwa msichana. Wema, wema, kila Jumapili. Sisi nyumbani hatukuwa tunasema fulani ni mwema. Tulisema tu fulani ni munhu. Ni mtu. Inatosha.

Blessing akauliza, unamjuaje huyo mtu? Bibi akasema ukifiwa, anakuja. Hata kama jana mlitukanana kwa sababu ya mpaka, anakuja. Halafu humwambii asante. Asante ya nini? Kesho ni zamu yako.

— Na asiyekuja, Bibi?

Bibi kakohoa muda mrefu. Mtoto akangoja na kalamu yake. 

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Kanisani nilisinzia, Mungu anisamehe.

Kisimani baadaye. Mariana, mwenzetu wa chama, akiwa na msalaba wa majivu usoni, na maneno yake mengi kama kawaida. Mama Martina alikuwa amesimama mbali, kwenye mvua, na ndoo kichwani, anangoja tumalize sote ndipo asogee. Tumbo limeshuka. Limeshuka kabisa! Mariana akasema kwa sauti, mwacheni, si alisema wafu hawali? Basi na yeye asile salamu zetu. Wanawake wakacheka.

Na mimi nilicheka.

Nimefika nyumbani sina hamu ya kula. Nilijiambia ni kwa sababu ya mfungo.

Alhamisi, 6 Machi

Blessing kanivuta hadi dukani kwa Masudi. Kwanza mwalimu anataka angalau watu wanne. Masudi amefunga Ramadhani, midomo imekauka, lakini kuongea hajafunga! Akasema, mwanangu, kwetu kuna maneno mengi ya wema. Kuna fadhili, kuna hisani. Hisani nilivyofundishwa madrasa ni kufanya jambo kama vile Mungu unamwona kwa macho yako, halafu unanyamaza. Akaonyesha fulana niliyovaa, ile Maige alipewa kwenye mashindano ya mpira. Akasema hebu soma hapo mgongoni kwa mama yako. Blessing akasoma: Kwa hisani ya kampuni fulani ya saruji. Masudi akacheka mpaka akashika mbavu. Siku hizi hisani ina nembo na namba ya simu! Na mfadhili? Zamani mfadhili ni aliyekusitiri ulipokuwa na shida. Sasa ni mzungu wa kisima. Anakuja kukata utepe, mnampigia vigelegele, pampu inaharibika, mnamngoja tena.

Blessing anaandika, ulimi nje.

Hapo hapo Mama Martina kaingia.  Hakusalimia, anajua. Alisimama tu, mkono mmoja kiunoni. Masudi hakumtazama. Kachukua pakiti ya chumvi na sabuni ya kipande, kaviweka juu ya gunia, akatugeuzia mgongo akaanza kupanga viberiti. Vilikuwa vimepangwa tayari. Alipogeuka, chumvi hakuna, mama hayupo.

— Mama Blessing, kuna mtu umemwona hapa?
— Sijaona mtu.
— Hata mimi.

Njiani Blessing ananiuliza, hiyo ndiyo hisani? Nikasema usiiandike hiyo. Usiiandike kabisa, utamponza mzee wa watu.

Ijumaa, 7 Machi

Bibi vibaya. Pumzi inapanda ngazi.

Mageni, katibu wa chama, amekuja kumjulia hali. Kaleta maziwa ya mgando. Alivua viatu mlangoni, akachuchumaa, akamsalimia kwa Kisukuma cha heshima, mpaka Bibi akatabasamu. Akamwambia, mama, wewe umezika kijiji hiki chote. Hukukosa hata msiba mmoja. Siku yako watakuja mpaka wa kule ng'ambo ya mto. Bibi akafumba macho, uso ukalainika. Sijamwona hivyo mwezi mzima. Hicho tu ndicho anachokitaka sasa. Dawa hataki, uji hataki.

Nje Mageni kanisogeza pembeni. Amesikia kuna watu wanamsogelea yule mwanamke. Si wewe, Mama Blessing, najua si wewe. Nikajitutumua nikamwambia, kaka Mageni, ana mimba. Akakuna kichwa. Amechoka na yeye, nilimwona. Akasema unadhani mimi napenda? Nusu ya watu wako machimboni. Msiba wa juzi tulichimba kaburi tukiwa wanaume sita, mmoja ana ngiri. Nikimwachia huyu, kesho kila mtu ana sababu yake. Halafu mzee kama huyu wako ndani azikwe na nani?

Nikamrudishia bakuli lake la maziwa. 

Jumapili, 9 Machi

Herufi zinaruka. Niandike tu.

Mchana, natoka kanisani, nageuza ugali. Martina kaja mbio. Miaka sita, miguu imejaa tope. Hakusema shikamoo, kasema mama yuko chini na damu inatoka. Bodaboda wawili wamemkatalia. Wa kwanza alimwambia mafuta yameisha. Wa pili hakusimama.

Nilitoa wembe mpya kwenye karatasi. Kanga mbili. Uzi. Bibi alikuwa amelala, nikadhani hasikii. Nafika mlangoni nikasikia:

— Usiende.

Nikageuka. Amejiinua kwa kiwiko! Wiki mbili hajajiinua.

— Usiende, mwanangu. Nitazikwa na nani?

Sijawahi kuona mtu anaogopa hivyo. Si kufa, anaogopa kutokuja kwa watu. Nikasimama. Martina amenishika gauni. Ugali unaungua, naisikia harufu. Nikasema Bibi nisamehe. Nikaenda.

Sitaandika yote. Kiza cha ile nyumba. Yeye kwenye mkeka anauma kona ya kitenge asipige kelele — hata hapo anaona haya kutusumbua! Nilipiga magoti, nikamwambia sukuma, Mama Martina. Yalikuwa maneno ya kwanza mtu kumwambia kwa wiki tatu. Akaanza kulia, nikamgombeza, usilie sasa, sukuma, utalia baadaye. Mtoto alichelewa kidogo. Nikampiga mgongoni, nikamnyonya makamasi puani. Kimya. Nikampiga tena.

Akalia.

Nikakunja mgongo nikalia na mimi, tukalia watatu.

Sasa damu mikononi mpaka viwiko, na ndoo yao tupu. Ningeweza kupita nyuma ya mihogo nisionekane. Nilifikiria. Lakini maji yako kisimani tu, na mama yule alihitaji maji sasa hivi. Nikapita njia kubwa. Mwangaza wote ule, nguo imelowa. Kisimani walikuwa kama kumi na wawili. Mazungumzo yakakatika. Mariana akatazama mikono yangu, akatazama nilikotoka. Mdomo ukafunguka, hakuna neno lililotoka. Mariana! Kisha akashusha ndoo yake, akarudi nyuma hatua mbili. Na mwingine akarudi. Na mwingine. Mpaka kisima kikabaki changu peke yangu.

Nikachota. Nilijua maana yake. Ndoo ilikuwa nzito kuliko siku zote.

Jumatatu, 10 Machi

Bibi hanisemeshi. Namgeuza, namfuta, ananyoosha macho ukutani. Mchana tu kauliza, bado anatazama ukuta:

— Mtoto gani?
— Wa kike.
— Alilia?
— Alilia.



Mageni hakuja mwenyewe. Ametuma ujumbe kwenye simu: niende kujieleza mkutanoni Alhamisi. Mwisho hakuandika jina langu wala salamu. Maige kapiga. Nilimweleza.  Akasema, Mama Blessing, huyo ni mama yangu. Nikasema najua. Akasema, sasa ningefanya nini hata mimi? Akakata. Sijui alikuwa ananilaumu au anajiuliza.

Daftari la Blessing limerudi. Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: Umekusanya maana tano. Chagua iliyo sahihi. Kaniletea, mama ipi? Nikamwambia ngoja kwanza. Akaacha nafasi tupu, akaichorea mstari kwa penseli.

Jumanne, 11 Machi

Sina la kuandika. Dukani Masudi kaweka unga juu ya gunia, akageuka kupanga viberiti. Nimeelewa.

Jumatano, 12 Machi

Bibi amefariki. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, nimemshika mkono.  Kabla hajakata roho, alinibana vidole. Ni kunisamehe au ni maumivu tu? Sitajua.

Nimemtuma Blessing kwa Mageni, ndivyo desturi, mfiwa anatoa taarifa na katibu anapeleka habari. Karudi anahema. Amesema nini? Amesema amesikia. Tu? Tu.

Maige yuko njiani, lori limenasa kwenye matope baada ya Kahama. Ananiambia wasizike bila mimi. Nikasema hawatazika, baba. Sikumwambia kwa nini.

Kumuosha maiti ni kazi ya wanawake wanne, watano, na nyimbo. Tumemuosha mimi na Blessing. Mwepesi Bibi, kama kikapu. Blessing hakulia, alishika beseni kwa mikono miwili, akaniuliza kama maji si ya baridi sana kwake. Tukamvika gauni la kanisani. Mama Martina alifika nyuma ya minyaa, mtoto mgongoni, siku tatu tu tangu ajifungue. Nikamkataza kwa mkono asivuke, nisije nikaongeza kosa juu ya kosa. Hakuvuka. Hakuondoka pia. Yuko pale pale amekaa chini.

Saa tatu. Hakuna mtu.

Saa nne. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimetandika mikeka yote, hata ule uliotoboka. Mikeka mitupu inatisha kuliko jeneza.

Saa tano kasoro. Kuna watu barabarani. Nawaona kwenye upenyo wa dirisha, wengi, wanawake wamejifunga kanga za msiba, Mariana yumo. Wamesimama kwenye njia panda, hawaingii. Mageni anaongea na mikono. Sauti inakuja na upepo, inakwenda. Nimesikia "sheria". Nimesikia mtu akisema "lakini yule mama mzee kakosa nini?" Mwingine anasema tusubiri. Wanasubiri nini? Jua linawaka, naye hawezi kusubiri.

Nimekaa kwenye kigoda karibu na Bibi, naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitapiga yowe.

Subiri —

Nyuma ya nyumba. Kwenye ule mwembe uliokatwa, kando ya kaburi la babu yake Blessing. Jembe. Mtu anapiga jembe chini. Udongo umelowa, sauti nzito. Moja tu. Linapiga, linapumzika, linapiga. Maige bado yuko Kahama, na pale kwenye minyaa Mama Martina hayupo tena. Huku barabarani wamenyamaza wote, na wao wamesikia.

Blessing anataka kwenda kuchungulia ni nani. Nimemshika mkono. Bado nimemshika.