Baba, Baiskeli Imekuwa Nzito

Grand Prairie, Texas
Septemba 2018

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake. Najua barua hii utamsomea wewe, na najua huwa unaruka sehemu unazoona haya kuzisoma kwa sauti. Hii naomba usiruke hata mstari mmoja. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Bado unachuchumaa kibandani kutwa nzima, au umeshakubali kukalia kile kigoda? Mimi na mume wangu Elia ni wazima, ila kichwa changu, Baba, kimevurugika, na kilichokivuruga ni baiskeli.

Unaikumbuka ile niliyokutumia picha yake, ya kupandia milima, yenye tairi nene za meno na shokapu mbele? Gari letu ni moja, na Elia huondoka nalo mapema kwenda kazini Fort Worth, kwa hiyo mimi huenda na baiskeli hadi kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kuwahudumia. Hapa kila mtu ana gari. Mtu mzima akionekana juu ya baiskeli wanamwangalia kama amepotea njia, lakini mimi mtoto wa fundi baiskeli wa Shinyanga nijali nini! Mwaka mzima nilitumia dakika ishirini tu. Basi mwezi wa nane ikaanza kuwa nzito. Dakika ishirini zikawa thelathini, zikawa arobaini. Pale kwenye daraja la kuvukia barabara kuu nikawa nashuka na kuikokota. Nikachelewa kazini mara mbili, na msimamizi akaniambia nikichelewa ya tatu nisihangaike kuvaa sare.

Nikafanya yote uliyonifundisha. Nikajaza upepo, nikasafisha cheni na kuitia oili, nikaangalia kama breki zinagusa ringi. Wapi! Nikaipeleka kwa fundi wa huku. Akaitundika, akazungusha gurudumu kwa vidole viwili, akasema tairi hizi ni za matope, niweke laini zisizo na meno, tena shokapu inakula nguvu, tena gia zimechoka, na kwa kweli bora ninunue mpya. Elia akasema mpya ya nini, tutafute iliyotumika. Njoki, Mkenya ninayefanya naye kazi, akasema, "Wee, hiyo u-upgrade tu, ama ununue gari kama watu." Kila mtu na lake, na mimi kila asubuhi nikaamka na uamuzi tofauti. Mwisho nikaweka tairi laini. Baba, ndiyo kwanza ikazidi! Siku hiyo nilikaa kando ya barabara nikalia, mwanamke wa miaka arobaini na moja, helmeti kichwani.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Hukuwahi kutaja bei kabla ya kuipanda mwenyewe baiskeli ya mteja, ukaenda nayo hadi kisimani na kurudi. Watu walikucheka, wakasema fundi anajitembeza bure. Yule fundi wa huku hakuipanda, na mimi mwanao sikufikiria kumpandisha mtu mwingine. Basi wakati wa mapumziko nikamwomba Njoki aizungushe kwenye maegesho ya magari. Njoki ni mnene mara mbili yangu. Alipaa, Baba! Akazunguka mara tatu huku anacheka, akanirudishia na kuniambia, "Hii iko sawa kabisa, bana. Labda shida ni wewe."

Kwanza nilikasirika, kisha nikaogopa. Nikawaza moyo, nikawaza ile sukari iliyomchukua Bibi. Nikaenda kwa nesi wetu wa zamu. Akavuta kope langu chini akalitazama jicho, kisha akaniuliza maswali ambayo siwezi kukuandikia. Nikamjibu kwamba kwa umri wangu mambo hayo siyahesabu tena. Akaniambia nikapime hata hivyo. Naona haya, Baba, lakini ngoja niseme tu: mimi ni mjamzito. Wiki ya kumi sasa, na damu imepungua, ndiyo maana lile daraja lilinishinda.

Ungedhani kichwa kingetulia. Wala! Nimechanganyikiwa kuliko mwanzo. Nacheka peke yangu nikipika, halafu nakaa chini nahesabu wiki, maana zile mimba mbili za mwanzo sikufika nazo hata mwezi wa tatu. Daktari anasema naweza kuendelea na baiskeli polepole. Elia hataki hata niiguse, ameitundika juu kabisa ukutani barazani, mahali nisipofika. Huyu nimsikilize, au yule? Kwa sasa Njoki ananipitia asubuhi na gari lake na kuimba njia nzima, na sijachelewa tena. Baiskeli mpya sinunui, hilo tu ndilo nina uhakika nalo. Mama aniambie yeye nifanye nini, nami nitafuata.

Msalimie kaka Masanja na mkewe, na shangazi aliyehamia kwenu, na yule jirani yako wa kibandani anayeshona viatu. Mwambie raba alizonishonea bado ninazo.

Na kile kiti kidogo cha chuma ulichokichomelea ukawa unanibeba nacho mbele yako kwenye baiskeli, najua bado kimening'inia kibandani. Mama aliniambia. Mara ya kwanza mlipopata habari zangu ulikishusha ukakipaka rangi. Mara ya pili ukakipaka tena. Na mara zote mbili ukakirudisha ukutani.

Safari hii usikipake rangi kwanza, Baba. Kifute vumbi tu.

Mwanao,
Kabula