Kompyuta Ndani ya Mafuta, na Ushahidi wa Mzee Evarist

Mwanga, Kigoma
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta umekwisha vuna viazi na kile kifua kimekuachia. Mdogo wangu Anyisile ameniambia bado unakohoa alfajiri ukungu unaposhuka. Tafadhali usitoke kwenda shambani kabla jua halijatokeza, na lile sweta zito livae, usilifungie kabatini eti ni la kanisani. Mimi ni mzima. Joto la huku nimelizoea, ila bado naota mvua ya Tukuyu.

Tena anasema nikipiga simu husikii vizuri siku hizi, na kwamba unapenda barua kwa sababu unaisoma taratibu, na ukichoka unaiweka chini. Basi nimekaa niandike, maana nasikia Mjomba Ambakisye amekuja hapo nyumbani akasema nimepelekwa mbele ya jaji. Mama, jaji nilimwona kweli. Lakini ni jaji mstaafu, na mimi sikushitakiwa na mtu. Nilikuwa shahidi. Ngoja nikueleze lilivyokuwa, ili ulale usingizi.

Unajua shirika letu linawahudumia wakimbizi wa Burundi walioko kambini, upande wa Kasulu. Kazi yangu ni kompyuta. Kuna moja kubwa tunaiita seva, ndiyo inayotunza majina ya watu wote, picha zao na alama za vidole. Mtu akija kuchukua unga na maharage anaweka kidole, seva inamtambua, anapewa chake. Mama aliyepotezana na mwanawe kwenye msongamano wa Kagunga, pale walipovukia ziwani, anakuja kuuliza, nasi tunatafuta humo humo. Seva ikizima, watu wanasimama juani mpaka wanachoka, kisha tunawaambia warudi kesho.

Nayo ilikuwa inazima kila siku mchana. Tumeiweka ndani ya kontena la bati, na jua la huku hulijui. Feni zake zinavuta vumbi jekundu mpaka zinakwama. Tukaweka kiyoyozi, jenereta ikashindwa kukivuta. Tukafunika kontena kwa nyasi, ikasaidia kidogo, halafu nyasi zikaliwa na mchwa.

Hapo ndipo uje umfahamu Mzee Evarist. Ni mkimbizi, umri wake kama wa marehemu baba angekuwepo. Kwao Bujumbura alikuwa mhandisi wa umeme, akitengeneza transfoma. Alivuka na mke wake na begi moja, vyeti vyake vyote vikabaki kwenye nyumba ambayo hajui kama bado ipo. Kambini wanampa posho kidogo anisaidie kuvuta nyaya. Hapendi kuitwa msaidizi, wala mimi simwiti hivyo.

Siku moja tumekaa nje ya kontena na vikombe vya chai, seva imezima tena, akasema, "Atu, mwanangu, transfoma inapata joto kuliko hii. Sisi tunaizamisha kwenye mafuta."

Nikamwambia, "Kompyuta nayo?"

"Ego, ndiyo. Yale mafuta hayapitishi umeme. Yanabeba joto tu. Halafu tunayasukuma kwa pampu yapite kwenye rejeta ya gari, yapoe, yarudi."

Mama, tulifanya hivyo. Fundi mmoja wa Ujiji anayechomelea vyuma vya boti alitutengenezea beseni refu. Tukapata mafuta ya transfoma, na rejeta ya gari la shirika lililokufa. Tukaitoa seva feni zake zote, tukaizamisha nzima kama samaki. Watu walikuja kuchungulia wakishika vichwa. Ikawaka. Mchana ukafika, ikaendelea kuwaka. Kaa uone jinsi taa zake ndogo za kijani zinavyopendeza chini ya mafuta! Mzee Evarist alisimama pale jioni nzima, mikono nyuma, kama mtu anayemtazama mtoto mchanga.

Sisemi kazi yote ilikuwa laini. Kulikuwa na jambo moja lililotutesa muda mrefu: mafuta yalikuwa yanapanda ndani ya nyaya, kama utambi wa taa ya chemli, yanatokea upande wa pili na kudondoka kwenye meza ya karatasi. Kila dawa tuliyoijaribu ilishindwa. Mwishoni Mzee Evarist akaja na namna yake ya kukata waya, kuuziba kwa gundi na kuuunga tena, nao ukakauka. Lakini wakati ule sikulitilia maanani. Kwangu ajabu ilikuwa lile beseni.

Sasa ile kampuni ya Dar es Salaam iliyotuuzia kompyuta ikamtuma mhandisi wake kuja kuzikagua. Akaliona beseni, akaliinamia. Akapiga picha. Baada ya muda ikaja barua kwa mkuu wetu: kampuni ilikwisha omba hataza ya kupoza kompyuta kwa mafuta, pampu na rejeta, kabla sisi hatujaanza, kwa hiyo tuzime beseni letu mpaka tuelewane nao.

Hataza, mama, ni haki ya mtu aliyevumbua kitu. Serikali inampa ulinzi ili mtu mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Ni jambo zuri, mtu asiibiwe akili yake. Lakini hapewi kila mwenye kuomba. Lile jambo lazima liwe si la wazi, yaani fundi wa kawaida wa kazi hiyo, akikutana na shida ileile, asiweze kulifikia hivi hivi tu. Sisi hatukuiba kwao, hatukujua hata kama wapo. Lakini kutojua hakutuokoi. Kilichoweza kutuokoa ni kuonyesha kwamba jambo lenyewe lilikuwa la wazi tangu mwanzo.

Mkuu wetu akaogopa, beseni likazimwa. Seva ikarudishwa kwenye feni zake na mchana ukaanza tena kuiua. Kuna dada anaitwa Spes, alikuwa anamtafuta mwanawe wa kike. Nilimrudisha tena na tena. Siku ya mwisho hakuuliza kitu. Alitazama uso wangu tu, akageuka.

Mkataba wetu na kampuni ulisema tukigombana twende kwa msuluhishi, ndiye huyo jaji mstaafu. Wakili wetu, kijana mmoja Msukuma mwenye maneno machache, akatuita mimi na Mzee Evarist.

"Nyinyi ndio mashahidi wangu," akasema. "Lakini mnielewe. Tukitaka kushinda, itabidi mseme ukweli kwamba mlichofanya si uvumbuzi. Kwamba fundi yeyote angekifanya."

Nilimtazama Mzee Evarist. Mama, kile kitu ndicho pekee alichokitengeneza tangu awe mkimbizi. Kila mgeni aliyekuja kambini aliletwa akione, na mkuu husema, "Huyu ndiye aliyebuni." Alijibu tu, "Nimesikia," akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Tulishuka mjini na gari la shirika, yeye akiwa na kibali cha kutoka kambini. Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni kule Ujiji. Tulifika siku moja kabla, nikampeleka kula mgebuka, samaki wa ziwa hili, wa kuchoma karibu na mwalo. Tangu alipoletwa kambini hakuwa ameliona ziwa. Alikula taratibu, akitazama kaskazini, upande wa kwao. Kisha akasema, "Yule mhandisi wa kampuni amenifuata nilipokuwa naoga vumbi la safari."

"Amesemaje?"

"Anasema nikieleza kesho kwamba lilikuwa jambo gumu, jambo la akili ya pekee, wataandika jina langu kwenye hataza pamoja na lao. Evarist, mvumbuzi. Na wataniandikia barua ya kazi siku nikitoka kambini."

Niliogopa kumwambia akatae, mimi mwenye kwetu, mwenye vyeti vyangu kwenye sanduku. Nikamwambia, "Mzee, amua wewe. Sitakulaumu."

Akachambua mwiba wa samaki, akauweka pembeni ya sahani.

Kesho yake mimi nilitangulia kuhojiwa, na nilieleza kama nilivyokueleza wewe. Kisha akaitwa yeye. Wakili wa kampuni alikuwa mama mmoja mstaarabu sana, sauti ya chini, anamwita mzee kwa heshima. Akamuuliza, "Mzee wangu, umefanya kazi ya umeme maisha yako yote. Wahandisi wa Bujumbura walikuwa wanakuja kwako kuuliza. Si kweli kwamba wewe si fundi wa kawaida?"

Niliuona mtego, mama. Akikubali kwamba yeye ni mtu wa pekee, basi wazo lake nalo ni la pekee, na tumeshindwa. Na nilitamani akubali, kwa sababu ni kweli.

Mzee Evarist akasema, "Mama wakili, asante. Tangu nivuke mpaka hakuna aliyenisifu hivyo." Akamwinamishia kichwa. "Lakini kila fundi wa transfoma anajua kwamba kitu cha umeme chenye joto unakizamisha kwenye mafuta. Hilo nilifundishwa wiki ya kwanza ya kazi. Na kila dereva anajua rejeta inafanya nini. Sisi tulikuwa na kitu cha umeme chenye joto."

"Mzee, kila jambo likishafanywa linaonekana rahisi. Ukimwonyesha mtu njia, atasema aliijua."

Hilo ni neno zito, na hata jaji aliinua kichwa. Akamgeukia Mzee Evarist mwenyewe. "Hebu niambie. Kabla hamjafanya, mlifikiri kwa muda gani?"

"Mheshimiwa, tulikuwa tunakunywa chai."

"Ndiyo."

"Chai haikupoa."

Watu walicheka, hata yule mama wakili aliinamisha uso. Lakini Mzee Evarist hakucheka. Jaji akamuuliza kwa upole, "Kwa hiyo unaniambia hamkuvumbua kitu?"

Nilimwona anashika ukingo wa meza.

"Hilo hatukuvumbua," akasema. "Aliyepewa shida yetu na joto letu angefanya vilevile. Kilichonisumbua ni mafuta kupanda kwenye nyaya. Hapo nilikosa usingizi. Hapo sikuwa na wa kumuuliza."

Jaji akafungua karatasi za kampuni, akazisoma huku anarudi nyuma na mbele. "Nyaya hazimo humu," akasema, yaani hilo kampuni haikuliombea hataza, akaandika kitu.

Uamuzi ulikuja baadaye, ukasomwa ofisini kwetu. Jaji alisema kuunganisha vitu vinavyojulikana, kwa kazi ileile inayojulikana, kama ambavyo fundi wa kawaida angefanya, si hatua ya uvumbuzi. Kampuni haiwezi kutuzuia. Ndani ya uamuzi ameweka mstari mmoja kwamba shahidi alisema kweli iliyomgharimu. Kampuni wameukubali, na yule mama wakili alimtumia Mzee Evarist salamu kupitia wakili wetu.

Tukarudisha seva kwenye mafuta siku ileile. Spes alipata jibu: mwanawe yuko kambi nyingine, anaishi na familia ya majirani wa zamani. Alipiga magoti pale kwenye vumbi, nikapiga magoti naye. Sasa wako pamoja. Mtoto ana sauti kubwa ajabu, utamsikia kabla hujamwona.

Lakini Mzee Evarist hakufurahi kama nilivyotarajia. Alifanya kazi yake, akasalimia, akaenda kwake. Nilipomsifu akasema, "Nimeshinda kwa kuwaambia watu mimi si kitu, mwanangu."

Basi juzi tulikuwa tunarudi naye kutoka mjini kufuata vifaa, tairi ikapasuka pale Kidahwe. Dereva anabadilisha, mwalimu mmoja wa sekondari akaja na kutusalimu, na aliposikia sisi ni watu wa kompyuta akatuomba tukaone mashine ya shule, inamsumbua. Tukamfuata hadi chumba kidogo nyuma ya stoo. Kulikuwa na jokofu bovu, lile la kulala. Mwalimu akafungua mfuniko.

Mama, ndani yake mlikuwa na kompyuta, imezama kwenye mawese! Mekundu kabisa, yameanza kuganda pembeni, yananuka kama jikoni kwa mama ntilie.

Mzee Evarist akauliza taratibu, "Mwalimu, nani amekufundisha hivi?"

"Nani anifundishe, mzee? Ilikuwa inapata moto. Nikaona mafuta yanavuja kwenye transfoma hapo barabarani, nikasema, hata hii. Ila mawese yanachacha."

Mzee Evarist alianza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea jokofu, mpaka machozi yakamtoka, na yule mwalimu akaanza kucheka naye bila kujua sababu. Kisha akamshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie, kama mtu aliyekutana na ndugu wa kwao njiani. "Yanachacha, ndiyo," akasema. "Mawese ni ya mboga, mwenzangu. Lete kiti tuzungumze."

Tairi ilikwisha badilishwa zamani, dereva akapiga honi, akachoka, akaja mwenyewe kukaa. Walizungumza mpaka jua likapungua, wakichora sakafuni kwa chaki, huyu akifuta mstari wa mwenzake na kuweka wake. Wiki ijayo tutampelekea mafuta ya transfoma, na mkuu amekubali Mzee Evarist aende nayo.

Hivyo ndivyo nilivyo, mama. Nina kazi, nina afya, nina watu. Nimekubali kuongeza mkataba, ila Krismasi nitakuwa hapo kwako, na nitakuletea dagaa wakavu wa huku uonje.

Nisalimie Anyisile, mwambie masomo kwanza. Msalimie shangazi anayekaa nawe, nashukuru anavyokupikia uji. Mama mchungaji na wanakwaya wote wape salamu zangu. Mjomba Ambakisye mpe barua hii aisome mwenyewe, mbele yako, kwa sauti kubwa uisikie.

Ninakukumbuka kila siku ninapoamka, na Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mwanao,
Atupele