Nilivyomtoa Zuhura Kwao

Kwa mdogo wangu Somoe,

Assalaam alaykum. Natumaini goti lako limepata nafuu, na nguruwe hawajamaliza mihogo. Mimi hapa Japani, kwa binti yangu, ni mzima, ila baridi imeniingia mifupani na barua yako imeniondolea raha.

Umeniandikia kwamba mwanao Zuhura hajamaliza hata eda, na shemeji zake wa Tingi wanamtaka aondoke. Mikorosho aliyoipanda na marehemu mumewe eti ni ya ukoo wao. Na yule mkubwa akamwambia, "Shemeji, mikorosho haina miguu. Wewe unayo." Neno hilo nimelisoma mara nyingi, Somoe.

Mkwe wangu wa huku ni mwalimu wa historia. Nilipomsimulia, akasema, "Baba, hata kwetu zamani mume ndiye aliyekwenda kwa mke." Akanieleza, nami nakueleza. Katika Japani ya kale, hasa kwa wakubwa, mwanamume alimwendea mkewe kwa wazazi wake, au akahamia huko. Mtoto alichukua ukoo wa baba, lakini alilelewa kwa mama, na mara nyingi nyumba ilirithiwa na binti. Mume akifa, au akiacha kuja, mwanamke alibaki palepale kwao. Polepole mila ikageuka: bibi harusi akawa ndiye anayehama.

Kwao iligeuka kwa karne nyingi. Kwetu niliigeuza mimi, kwa adhuhuri moja.

Unaikumbuka siku ya posa. Mama alitaka bwana harusi aje Nyangamara alime kwa wakwe, kama baba yetu alivyofanya. "Akija huku tutaliona jembe lake," alisema. "Zuhura akienda huko, machozi yake atayaona nani?" Nami, mjomba mwenye neno la mwisho, nikajibu kisomi: "Mama, hayo yamepitwa na wakati." Zuhura hakuna aliyemuuliza.

Sasa sikiliza. Eda ikiisha, mumeo aende Tingi amchukue yeye na wanawe. Mikorosho tumeipoteza; kesi yake ni ndefu kuliko umri wangu. Nyumba yangu hapo kwetu, niliyojiwekea kwa uzee, aingie. Nimemwandikia mwenyekiti wa kijiji kwamba ni ya Zuhura, na baada yake ya binti zake.

Najua utauliza, "Na wewe, kaka, utakaa wapi?" Nikijaliwa kurudi nitapiga hodi kwake. Akinipa chumba, nitashukuru.

Nisalimie mumeo, na fundi aliyeezeka nyumba ile. Mwambie alikague paa mapema. Zuhura usimwambie ni zawadi. Mwambie mjomba wake alikosea.

Kaka yako,
Bakari