Dalia Iliyoingia Chunguni

Babu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba kitu kimoja. Barua hii ni yako peke yako. Usimsomee Bibi. Najua mko pamoja sasa, na najua hukuwahi kumficha kitu miaka yote ya ndoa yenu, lakini hii mfiche. Ikunje, itie kwenye mfuko wa shati, na akikuuliza unacheka nini mwambie umekumbuka mambo ya kazini. Neno moja likimfikia, sitakuwa na uso wa kumtazama siku nitakapokuja huko.

Nimekula dalia yake, Babu.

Siyo yote. Na siyo peke yangu. Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana hata sasa kicheko kinanikatiza.

Unakumbuka ulivyonikabidhi. Ulikuwa umelala kwenye godoro la sebuleni, mvua ya Oktoba inapiga mabati, ukasema mbele ya watu wote: "Nyumba ni ya wote. Bustani ni ya Akello." Wajomba wakatazamana. Mimi nilitaka kuingia chini ya meza. Mimi ninayesoma barua ya ofisini mara nne kabla ya kuipiga muhuri! Ninayeogopa simu ikiita, mbwa, radi, na bosi akinyamaza. Ukanivuta karibu, ukaninong'oneza: "Mengine yakifa utapanda mengine. Ile ya Bibi yako ni moja tu."

Sikuhitaji kuambiwa. Nani kwetu asiyejua kwamba Bibi aliichimba Kitgum, nyuma ya kanisa alimobatiziwa, akaifunga kwenye kitambaa cha kichwa, ikasafiri naye kila gereza ulikohamishiwa kazi, mpaka hapa Luzira, Kampala? Ua la rangi ya damu ya mzee, pana kama sahani. Alipofariki ukaendelea nayo wewe, na hukumpa mtu hata kipande.

Mwanzoni nilifuata amri zako zote. Novemba mvua ilikuwa bado inanyesha, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini niliokota konokono kwenye majani ya yale maua ya kana na kuwatia ndani ya kopo. Nilihesabu maua pia, lakini kwenye daftari. Kuhesabu kwako sikukuweza. Nani anaweza kusimama nje saa kumi na mbili na nusu, kofia ya kazi kichwani, akaanza: "Waridi kumi na moja! Kana ishirini! Dalia moja! Hesabu imetimia!" kana kwamba maua ni wafungwa wanaotoka selo? Mtaa mzima ulikuwa unajua saa kwa sauti yako.

Disemba mvua ikakatika. Udongo ukapasuka, upepo wa ziwani ukaleta vumbi badala ya ubaridi. Maji ya kuoshea vyombo nilikuwa nayaweka kwenye jerikeni na kuyamimina kwenye mashina ya mawaridi. Mawaridi yalinuna. Asumini ilichanua tu, kama haikupata habari za kiangazi. Januari dalia ikageuka njano, ikalala chini, nami nikalia kwa nusu saa nzima kabla sijakumbuka maneno yako: "Inalala, haifi." Nikakata shina, nikaichimbua kwa jembe-uma, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Viazi tisa mizizini, Babu! Vinono, vya kahawia. Nikavipaka majivu, nikavitia kwenye gunia.

Hapo ndipo nilipokosea. Wewe ulikuwa unaweka gunia stoo, chini ya sanduku la sare zako. Nilipoingia stoo nikaona mavi ya panya. Punje tatu. Siku nne sikupata raha, nilikuwa ofisini nasikia meno ya panya. Basi nikalihamishia gunia jikoni, pembeni nyuma ya mlango, ili nilione nikitoka na nikirudi. Nilijiona mwerevu sana.

Februari akaja Shangazi Apio kutoka Kitgum, na gunia lake la viazi vitamu. Akaliweka palepale nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa nafurahia ugeni, sikuwaza.

Jumamosi nilirudi kutoka ofisini Bugolobi saa saba, nikakuta meza imeandaliwa. Viazi, mchuzi wa karanga na samaki mkavu. Shangazi akasema, "Kula, mwanangu, umekonda kama kalamu yako." Nikala cha kwanza. Nikala cha pili. Vilikuwa na ladha ya maji na udongo kidogo, nikaendelea kutafuna kwa heshima. Yeye ndiye aliyeacha kutafuna. "Hivi viazi vimepatwa na nini? Kitgum nimevitoa vitamu kama asali. Hewa ya Kampala imeviharibu kwa siku mbili tu!"

Nikatazama nyuma ya mlango. Gunia moja lilikuwa limelala chini, tupu, na majivu yametapakaa sakafuni.

Nikasukuma sahani, nikasema tumbo linaniuma. Shangazi akanishangaa: "Na huo mwili, tumbo umelipata wapi la kuuma?"

Babu, wewe ulinifundisha kwamba dalia haichipui kwenye kiazi chenyewe. Inachipua shingoni, pale kiazi kinaposhikana na shina la zamani. "Kiazi bila shingo ni chakula tu," ulikuwa unasema. Na Shangazi, mpishi hodari, alikuwa amezikata shingo zote. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, maganda yako wapi. "Nimempa Hajati, kwa ajili ya mbuzi. Amepita na beseni sasa hivi."

Hajati Zaituni! Jirani uliyegombana naye miaka kumi na moja kwa sababu ya mbuzi hao hao. Mlivyokuwa mnarushiana maneno kupitia uzio: wewe, "Nimefunga watu miaka thelathini, mbuzi atanishinda?" na yeye, "Wafungwa wako hawakuwa na pembe, Afande!" Tangu tukuzike nilikuwa nikimwona barabarani navuka upande wa pili.

Siku hiyo nilikimbia mpaka uani kwake, kandambili moja imebaki njiani. Mbuzi watatu, vichwa ndani ya beseni. Sijawahi kumpigia mtu kelele maishani mwangu, unajua. Nilipiga kelele, "Acheni! Acheni!" kama vile mbuzi wamesoma. Hajati akatoka, mikono inadondosha maji ya udhu. "Karani! Leo umeacha mafaili umekuja kugombania maganda na mbuzi wangu?"

Nikamwambia yote, kwa machozi. Hajati akakunja mikono ya gauni, akamshika beberu wa kahawia kwa ndevu, akamtia vidole mdomoni. "Toa! Toa, mwizi we! Hiyo ni ya mke wa Afande!" Ikatoka shingo moja, imejaa mate. Kwenye beseni tukapata nyingine tatu. Mbili zilikuwa zimetafunwa kabisa. Ya tatu haikuwa na jicho la kuchipua. Ile ya beberu ndiyo ilikuwa na kinundu chekundu, kidogo kama punje ya ulezi.

Kinundu kimoja. Safari yote ya Bibi ilikuwa imebaki hapo, kwenye kiganja changu, na Hajati amekiinamia akisema bismillahi.

Halafu akaniambia kitu ambacho nadhani hukijui. "Sikumpenda babu yako. Lakini tangu aondoke sijui saa. Nilikuwa naamka kwa ile hesabu. Mbona wewe huhesabu?" Nikasema nahesabu, kwenye daftari. Akanitazama kwa huruma. "Daftari lina sauti?"

Nikaiweka shingo kwenye kopo la mchanga, dirishani. Mvua ya kwanza ya Machi iliponyesha, kumbikumbi wakatoka, watoto wa mtaa wakawakimbilia na masufuria, nami nikaihamishia ardhini, mahali pake. Hajati alileta ndoo ya samadi ya mbuzi bila kuombwa. "Wameila, wailipe," akasema.

Siku kumi na nane, hakuna kitu. Mawaridi yalichipua, zinia zikasimama, kana zikarefuka kama maaskari wapya, na pale katikati udongo mtupu. Nilitaka kufukua nione. Hajati akaniona nimeshika kijiko. "Ukifukua nakufunga kamba moja na beberu!"

Na nilianza kuhesabu kwa sauti, Babu. Siku ya kwanza sauti ilikuwa ya mbu. Kutoka ng'ambo ya uzio nikasikia, "Sisikii!" Nikapandisha. "Sisikii, karani!" Ikafika asubuhi moja nikajikuta nimenguruma, "Kana ishirini na mbili!" mpaka kijana wa boda aliyekuwa langoni akajibu, "Ndiyo, Afande!" Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye tope, na sketi ya kazini. Lakini nilipofika kwenye dalia nilikuwa nakwama. Hajati akasema, "Itaje tu. Iko zamu ya chini."

Ikatoka Aprili. Kidole kimoja, cha zambarau, kimebeba donge la udongo kichwani. Nikasema "Dalia moja!" na Hajati akapiga vigelegele, mbuzi wakaruka hadi ukutani.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usikasirike. Ilipofikisha jozi nne za majani, nilisoma mahali kwamba ncha zikikatwa na kutiwa mchangani zinaota mizizi. Kuikata! Ile ya pekee! Asubuhi tatu nilishika wembe nikaurudisha ndani. Ya nne nikawaza: tatizo halikuwa panya, wala Shangazi, wala beberu. Tatizo lilikuwa kwamba ilikuwa moja. Nikafumba macho, kisha nikayafumbua maana wembe ni wembe, nikakata ncha yake. Yalipochipua matawi mapya pembeni nikakata mbili tena. Zote tatu zimeshika.

Moja iko kwa Hajati, imezungushiwa mabati, beberu anaitazama kwa mbali. Moja iko ofisini, kwenye kopo la siagi dirishani. Bosi hajasema neno kuihusu, lakini juzi nimemwona anaimwagilia kwa glasi yake, taratibu, akigeuka kuangalia kama kuna mtu. Ya tatu Shangazi aliondoka nayo Kitgum alipokuja tena Mei, ameipakata kwenye basi kama mjukuu. Bado hajui alichotupikia. Aliniambia, "Ni zuri, ila ua haliliwi." Nilibana midomo hadi machozi yakanitoka.

Na yetu imefunguka wiki iliyopita, Babu, mvua zikiwa zimechoka. Jioni lilikuwa tumba, asubuhi likawa sahani. Ni jekundu lile lile, zito, katikati karibu jeusi, na matone ya umande hayajui pa kukaa. Nilisimama mbele yake sijui muda gani. Nilichelewa kazini kwa mara ya kwanza, na nilipoulizwa nikasema ukweli: nilikuwa natazama ua. Hakuna aliyenila.

Naahidi hivi. Kila Januari nitagawa. Atakayeomba atapata, hata wale uliowanyima. Na Disemba Shangazi akija nitamweleza kila kitu, akiwa amekaa, na akiwa hajashika kisu. Sitaruhusu tena ua hili liishi mahali pamoja tu, wala sitailinda bustani yako kwa kuibania.

Kwaheri, Babu. Pumzika vizuri, umesimama zamu nyingi.

Ukitaka kunijibu, usije ndotoni. Nikikuona nitaamsha nyumba nzima kwa mayowe, unanijua. Usigonge mabati, na usipige simu, hata kama huko zipo. Njoo Jumamosi alasiri, mvua ikishakatika. Utanikuta nyuma ya nyumba, upande wa ziwani, nimepiga magoti, lango nimelipa mgongo. Ingia bila hodi, simama karibu yangu, uniambie kama nimepanda kwa kubanana. Sitageuka. Lakini nitasikia.

Mjukuu wako,
Akello